Vibati vya Pipa la Maji

Hai Cinema, Juba
Jumapili, mvua imekatika sasa hivi

Dada Mwanaidi,

Assalaam aleikum. Kwanza Mama, halafu wewe, usinune. Mama anaendeleaje? Miguu bado inamwaka moto, au ile dawa ya kuchua imesaidia? Sindano zake za sukari zipo za kutosha kwenye friji? Mwajuma je, bado anaandika herufi S imegeuka nyuma mbele? Na wewe mwenyewe, kifua kimepona lile vumbi la chaki? Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillahi. Nakula mara mbili kwa siku, na risasi za huku mpaka leo zinapita mbali nami. Moyo ndio usio mzima, na ndio ulionikalisha chini kuandika.

Nimekupigia simu mara nyingi mpaka nimeacha kuhesabu. Siku nyingine ni mtandao wa huku, hilo nakubali, huu ni mwaka wa tatu wa vita na minara nayo inachoka. Lakini siku nyingine simu inaita, inaita, na mimi naiona kabisa ilivyo mezani kando ya madaftari ya wanafunzi, na wewe umekaa unaitazama. Mara ya mwisho tulipozungumza uliniuliza swali moja tu: "Bakari, uliandika namba ambayo hukuiona kwa macho yako?" Nikasema ndiyo. Ukakata.

Jibu langu lilikuwa la kweli, Dada. Swali lako ndilo lilikuwa pungufu. Na aliyekupa swali pungufu ni mumeo.

Barua hii anakuletea Bi Tatu, mtu wa Pangani, mpishi wa hoteli moja hapa Hai Amarat. Amechoka kuchambua mchele huku bunduki zinalia, anarudi kwao. Nimemwomba akukabidhi shuleni, mkononi mwako, asije nyumbani. Nyumbani yupo Rashidi, na Rashidi akiiona kwanza itakuwa imepotea njiani, wallahi nakuapia. Pamoja na barua kuna kifurushi cha gazeti. Usikifungue bado. Soma kwanza.

Unakumbuka ile meza ya jikoni kwa Mama, nilipokuwa kidato cha pili na fizikia inanikimbiza kila kona? Ulileta transfoma ya redio mbovu, ukaifungua, ukanionyesha vibati vyake, vya umbo la E na vya umbo la I, vyembamba kama maganda ya kitunguu, kila kimoja kimepakwa vanishi. Ukaifunga tena, ukawasha, ukaniambia nisome mita. Halafu ukazima, ukachana ukurasa wa daftari langu, wala hukuomba ruhusa, ukauweka kati ya E na I, ukabana, ukawasha. Umeme ukapanda. Karatasi moja tu! Ukasema sumaku nayo inatafuta njia ya kupita, chuma kizuri kinaipisha, hewa na karatasi zinaikatalia, na kule kukatalia kunapimika. Vitabuni wanaita relaktansi. Wewe ulikuita ukaidi, na mimi mpaka leo nakuita ukaidi.

Nikakuuliza kipimo chake kinaitwaje. Ukacheka. Ulisema, "Maskini, hakina jina lake chenyewe. Umeme ukikataliwa na waya tuna omu. Sumaku ikikataliwa na chuma, tumeazima majina ya watu wawili: ampea-mizunguko kwa weba. Au ukipenda, henri iliyopinduliwa miguu juu." Ukanieleza kwamba kipimo ni swali tu. Utasukuma kiasi gani, ampea ngapi mara mizunguko mingapi ya waya, ndipo weba moja ya sumaku ikubali kupita? Chuma kikaidi, namba kubwa. Chuma kinachokubali, namba ndogo. Halafu ukanigonga kichwani kwa rula na ile sheria yako: usiandike namba ambayo jicho lako halikuiona. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Nimeishika miaka yote hii, nikaja kuiachia siku moja tu.

Na siku hiyo moja niliiachia kwa kumwamini mumeo.

Mimi ndiye niliyemwita huku, hilo unalijua. Alikuwa amekaa kibarazani kwako mwaka mzima anacheza bao, nikakuambia, mlete shemeji, kazi ipo. Huku umeme wa mji ni hadithi tu. Kila mtu anaishi kwa jenereta, volti zinapanda na kushuka kama homa, mota za pampu zinaungua, stabilaiza za kutuliza volti nazo zinaungua, nasi tunasuka. Kazi tuligawana tangu mwezi wa kwanza: mimi shaba, yeye chuma. Mimi nasuka koili na kuhesabu mizunguko. Yeye anapanga vibati, anabana, anapima. Mwisho mimi naandika kikaratasi kigumu: jina langu, idadi ya mizunguko, na ampea ambazo transfoma inakula kabla haijabebeshwa mzigo. Kikaratasi kinachomekwa chini ya uzi wa mwisho wa koili. Mafundi wote wa mtaa wetu wanafanya hivyo, ili atakayekuja kuisuka tena ajue mwenzake aliachia wapi. Ukiandika hapo umekula kiapo.

Miezi minne iliyopita alikuja Sista Poni. Ni muuguzi mkuu wa kliniki ndogo ya mama na mtoto, njia ya kwenda Bilpam. Alikulia ukimbizini Uganda, akarudi kwao amani ilipokuja, na vita vilipoanza tena akakataa kukimbia mara ya pili. Kiswahili chake ni cha kule kule alikokulia. Alileta stabilaiza ya kliniki imeungua koili.

"Bakari, mimi iko na friji moja tu," aliniambia. "Chanjo ya watoto yote iko ndani. Tengeneza hii kitu kama vile ya mama yako."

Kama ya mama yangu! Laiti angejua.

Shaba ilikuwa imeungua, lakini vibati vilikuwa vizima kabisa, vya zamani, vya ng'ambo, chuma kizuri mpaka nikakinusa. Rashidi akavitazama kwa muda mrefu. Jioni hiyo tukila akaniambia, "Shemeji, dada yako kila siku analalamika umeme wa Tanga, friji moja imeshakufa. Sindano za Mama zitaharibika. Kwa nini usisuke koili mbili, pacha? Moja ya kliniki, moja ya Mama. Chuma cha Mama niachie mimi." Nilifurahi, Dada. Nilimpenda siku ile. Nikasuka koili mbili, mizunguko mia na themanini kila moja, waya ule ule, mkono ule ule. Kwenye kikaratasi cha Mama niliandika: Kwa Mama, Bakari, mizunguko 180, ampea. Mbele ya ampea nikaacha wazi, kwa sababu chuma chake kilikuwa hakijapatikana.

Wiki hiyo hiyo pipa letu la maji likapotea uani. Pipa la buluu, nimelipaka mwenyewe neno MAJI kwa rangi nyeupe ili mtu asije akatia dizeli humo. Rashidi akasema wamepita askari wamelibeba. Nani atabisha? Tukawalaani wale askari pamoja, tukaanza kununua maji ya madumu. Nimewalaani watoto wa watu bure.

Siku ya kukabidhi stabilaiza ya kliniki, saa nne asubuhi, bunduki zikaanza kulia upande wa Bilpam. Mtaa mzima ukawa unashusha milango. Dizeli ilikuwa imebaki ya kulamba, kuwasha jenereta kwa ajili ya kupima tu ni anasa. Stabilaiza ilikuwa imeshafungwa, inang'aa, imebaki kuchomekwa kikaratasi. Rashidi anafunga kufuli kwa mkono mmoja, ananiambia, "Nimeshapima jana. Nusu ampea, safi. Andika twende." Nami nikaandika nusu. Kwa vibati vile nilivyovinusa, mizunguko mia na themanini, hata ungeniamsha usingizini ningesema nusu. Ndiyo maana kalamu haikusita. Uongo uliofanana na ninachokijua, Dada, niliumeza bila maji.

Baadaye ile ya Mama ikaja kwako kwa dereva wa lori. Ukanipigia kwa furaha, unakumbuka? Ulisema, "Bakari, Rashidi ni fundi! Kanitengenezea kwa chuma cha pipa bovu, hakununua kitu, hebu fikiria! Na haivumi, haipati joto, nimelaza kiganja juu yake saa nzima." Nikakwambia, mumeo kakomaa. Lakini ulipokata simu nilibaki nimeishika. Chuma cha pipa, kinene, hakina vanishi, halafu hakivumi wala hakipati joto? Mimi nilifundishwa na nani? Nikajijibu, labda amebana vizuri. Ukishampenda mtu unamtafutia sababu wewe mwenyewe, yeye hata hahangaiki.

Mwezi uliopita Sista Poni akaja na stabilaiza kwenye toroli. Nilinusa vanishi iliyoungua kabla sijaiona. Nyuma yake wamekuja akina mama watatu na watoto mgongoni, na mlinzi wa kliniki.

"Imekufa," Sista akasema. "Na friji imekufa na yeye. Chanjo yote tumemwaga. Hawa mama wametembea kutoka mbali, na bunduki iko njiani, mimi naambia wao nini? Malesh, pole? Malesh haina chanja mtoto!"

Rashidi ndiye aliyejibu. Akaingiza kidole kwenye koili iliyoungua, akavuta kikaratasi changu, pembeni kimeungua lakini kinasomeka, akamwonyesha Sista. Akamwambia, mbele ya watu wote, mbele ya mafundi majirani waliotoka kutazama, "Haya si maandishi yangu. Huyu ndiye anayeandika. Mimi nilimwambia apime, yeye akaandika ya kichwani."

Sista akanigeukia. "Hii nusu, wewe uliona?"

Nikasema sikuiona. Nilitaka kuendelea, nilitaka kusema ni nani aliyeniambia, lakini Sista alishapandisha mkono. "Khalas. Nimesikia." Akachukua pasipoti yangu, akasema itakaa kwenye droo yake mpaka friji yake iwe na baridi tena. Hakupiga kelele, na hilo ndilo liliniuma, maana huyu mama namjua, akipiga kelele ujue bado anakuhesabu.

Nilimtazama Rashidi. Alikuwa anafuta mikono kwa tambara, polepole, kidole kimoja kimoja. Siku mbili baadaye, mimi niko kliniki nabembeleza, yeye akabeba begi lake akapanda basi la Nimule. Hakuaga. Kikombe chake cha chai alikiacha mezani hakijaoshwa. Na kabla hajavuka mpaka alikuwa ameshakupigia wewe, na wewe ukanipigia mimi na swali lako moja.

Baada ya ile simu yako ndipo nikakaa chini kuifungua ile maiti ya stabilaiza. Mpaka hapo, sikufichi, nilijiona mimi ndiye mkosa, nikadhani nilikosea mizunguko au waya ulichubuka. Nikavuta vibati kimoja kimoja. Vya juu kumi, vizuri, vile vile vya zamani. Vya chini kumi, vizuri. Katikati, Dada, katikati yote ni bati nene limekatwa kwa mkasi wa kukatia mabati, kingo zimepindapinda. Kama wale wauza nyanya wanaopanga nzuri juu ya tenga. Vingine vina rangi ya buluu upande mmoja. Nikavipanga sakafuni kama mtoto anayecheza. Kipande hiki na kile, rangi nyeupe hapa, mkunjo hapa. Likatoka neno MAJI, mwandiko wangu mwenyewe.

Nililia, sitakuficha. Si kwa ajili ya pipa.

Nikampigia. Simu ikapokelewa, akiwa upande wa Uganda, nasikia kondakta anaita abiria. Nikamuuliza, "Shemeji, vibati vya kliniki viko wapi?" Akasema kwa sauti ya chini, kama anayenionea huruma, "Vya pipa nilivijaribu kwanza kwenye koili ya Mama. Vilivuma kama nyuki, vikala ampea tatu. Wewe ulitaka nimpelekee dada yako uchafu ule? Mwalimu wa fizikia? Nilifanya kwa ajili ya mama yenu." Nikamwambia, "Ungeniambia." Akasema, "Ungekubali?" Nikasema nisingekubali. Akasema, "Basi." Akakata. Tangu hapo hapokei. Nyumba yenu nzima sasa haipokei simu zangu.

Umeona alivyo? Alitaka wewe umwone fundi. Hilo naweza kulielewa, hata mimi nimetaka uniite fundi maisha yangu yote. Angekosa mbele yako akasema, mke wangu, nimeshindwa, ungemcheka kidogo na yangeisha. Lakini akachukua chuma cha watoto wa watu akakifungia sebuleni kwako, akakuachia wewe ukilaze kiganja juu yake na kumsifu. Na kilipoungua kile cha huku, akanyoosha kidole kwangu, akashika kikaratasi changu, akijua kabisa nani aliniambia niandike nini. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, ila hawakusema kwamba nguo yenyewe umeinunua wewe, umeipiga na pasi.

Na wewe, Dada. Nisiposema hili nitakuwa nimekuandikia nusu barua. Yeye amenisaliti, sawa, yeye ni mtu wa kuoa tu, sikumjua utotoni. Wewe ulinijua. Wewe ulinivalisha sare ya kwanza ya shule. Ulikuwa na haki ya kuniuliza kwa nini niliandika. Neno moja, kwa nini. Kwa wanafunzi wako unalisema mara mia kwa siku, mimi umeninyima.

Haya. Sikuombi uniamini. Nimechoka kuaminiwa na kuamini. Wewe piga hesabu.

Nimesuka koili mpya, mizunguko 180, waya ule ule. Nikatia kwanza vile vibati vya pipa, nikawasha jenereta, volti 240, hezi hamsini. Weba zinatoka sita kwa elfu, hakiki mwenyewe. Mita ikasoma ampea tatu, na chuma kikaanza kunguruma. Tatu mara mia na themanini, zidisha kwa mzizi wa mbili, unajua kwa nini, gawa kwa zile weba: laki moja na elfu ishirini na saba, ampea-mizunguko kwa weba. Huo ndio ukaidi wa pipa letu. Chuma kizuri kwenye koili hiyo hiyo kinakula nusu ampea, na ukaidi wake ni elfu ishirini na moja tu. Mara sita, Dada. Kwa tofauti hiyo hakuna ubishi wa nani ana ulimi mtamu.

Chuma hicho kizuri nilikitoa wapi? Juba nzima hakipo, barabara imefungwa zaidi ya inavyofunguliwa. Unaikumbuka transfoma yangu ya kupimia mota, ile niliyoinunua mwaka wa kwanza, nikakutumia picha nimeikumbatia kama bibi harusi? Vibati vyake ni vipimo vile vile. Nimeivunja. Sasa mota kubwa siwezi tena kupima, narudisha wateja. Lakini stabilaiza ya Sista Poni imesimama.

Juzi asubuhi nilimpelekea. Nikaiwasha mbele yake bila mzigo, nikafunga mita, nikarudi nyuma hatua mbili. Nikampa kalamu na kikaratasi, jina langu na mizunguko nimeshaandika.

"Wewe si ndiyo fundi?" akaniuliza. "Mbona napatia mimi kalamu?"

Nikamwambia, "Sista, mimi siandiki. Soma wewe, andika unachokiona."

Akavaa miwani. Akainama pale kwenye mita kwa muda mrefu, nikadhani imekwama. Akaandika 0.5. Halafu chini yake, bila kuambiwa na mtu, akaongeza: Mimi Poni nimeona. Tukakichomeka pamoja kwenye koili. Akafungua droo, akanipa pasipoti yangu, ina vumbi la pamba. Akasema, "Kesho lete chai, mimi iko na mandazi." Dada, mandazi yake ni magumu kama nati, nimekula matano.

Basi sasa fungua kifurushi. Kuna vibati viwili. Kimoja chembamba, kina vanishi, ni cha kliniki, kati ya vile vilivyobaki juu. Kingine kina rangi ya buluu na mguu mmoja wa herufi M. Vibebe darasani ukitaka, wafundishie, ni vielelezo vizuri.

Halafu nenda sebuleni. Usiivunje ile stabilaiza, nakusihi. Usiifungue hata skrubu. Sindano za Mama ziko kwenye friji na Mama hana kosa, na chuma cha kliniki nimeshakirudisha kwa chuma changu. Chagua tu saa Rashidi yuko msikitini. Chomoa friji dakika mbili. Leta ile ampea mita ya maabara, pima volti kwanza, halafu pima ampea inazokula ikiwa tupu. Mumeo amekwambia humo ndani kuna chuma cha pipa. Ikisoma tatu, basi mimi ndiye mwongo, na barua hii uwashie jiko. Ikisoma nusu, unajua pipa liliungua wapi.

Mwajuma usimwambie lolote juu ya baba yake. Mwambie mjomba anamtumia kalamu za rangi, Bi Tatu anazo. Nisalimie Mama Mkubwa mpika vitumbua, mwambie huku hakuna anayejua kupima hamira kama yeye. Mjomba Shaibu, muadhini wetu, mwambie nasikia sauti yake nikisikia adhana ya huku. Mama mpe mkono wangu, mbusu paji la uso, mwambie nimechelewa tu, sijapotea.

Kile kikaratasi cha koili ya Mama, mbele ya neno ampea, bado kiko wazi. Sikuandika, maana sikuona. Pima wewe, Dada, halafu unitumie namba. Namba tu, hata bila salamu.

Mdogo wako, uliyemfundisha kuhesabu,
Bakari